Krediti 120 hazitanuki: masomo ya lazima katika vyuo vidogo vya Kikristo Marekani

Kijana ameomba shahada ya biashara. Ratiba ya mwaka wa kwanza inafika, na biashara imo kozi moja tu. Nyingine ni Agano la Kale, uandishi wa insha, historia ya Magharibi, biolojia yenye maabara, Kihispania na mazoezi ya viungo. Kwa mzazi wa Arusha au Eldoret aliyezoea chuo ambako mwanafunzi wa sheria huanza sheria wiki ya kwanza, hii inafanana na kurudishwa kidato cha tatu, tena kwa ada ya dola.

Lawama ni rahisi kutoa, na utetezi wa vyuo vyenyewe mara nyingi huishia kwenye maneno matamu kuhusu "kumlea mtu mzima". Afadhali tuanze na hesabu.

Shahada ya kwanza Marekani kwa kawaida ni krediti 120, yaani mihula minane ya krediti 15. Katika chuo kidogo cha Kikristo, masomo ya lazima kwa kila mwanafunzi, awe wa fizikia au wa muziki, huweza kugawanyika hivi: Biblia na mafundisho ya imani 12, uandishi na fasihi 6, historia 6, lugha ya kigeni 6, sayansi yenye maabara 4, falsafa 3, hisabati 3, sayansi ya jamii 3, sanaa au muziki 3, mazoezi ya viungo 2. Jumla ni 48. Vipo vyuo vyenye chini ya hapo na vyenye zaidi, lakini mfano huu hauko mbali na hali halisi. Juu yake kuna ibada ya chuo, ambayo mara nyingi ni ya lazima na haina krediti. Wheaton College ya Illinois, kwa mfano, huwakusanya wanafunzi mara tatu kwa wiki.

Anayedhani 48 zote ni ukaidi wa kanisa ajue kwamba sehemu kubwa ingedaiwa hata kanisa lisingekuwepo. SACSCOC, shirika la ithibati linalosimamia majimbo ya kusini, linataka kila shahada ya kwanza iwe na angalau krediti 30 za elimu ya jumla, na ndani yake iwemo walau kozi moja ya fasihi, falsafa au sanaa, moja ya sayansi ya jamii, na moja ya sayansi asilia au hisabati. Kwa hiyo chuo chetu cha mfano kimejiamulia chenyewe krediti kama 18 tu, na 12 kati ya hizo ni Biblia. Vyuo vya Biblia hasa, vile vyenye ithibati ya ABHE, shirika la ithibati la vyuo vya Biblia, ni habari nyingine: huko Biblia na teolojia peke yake hufika krediti 30.

Sasa tulinganishe na nyumbani. Kwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na shahada ya miaka mitatu ni krediti 360, yaani saa 3,600. Krediti ya Marekani ni saa moja darasani na mbili za kujisomea kila wiki, kwa wiki 15 hivi: saa 45. Mara 120 inatoa saa 5,400. Toa masomo ya lazima, 48 mara 45, yaani 2,160, zinabaki 3,240. Ni pungufu kidogo kuliko shahada nzima ya Tanzania. Kwa maneno mengine, masomo ya lazima hayakuila fani kama watu wanavyodhani. Yamekalia mwaka wa nne ambao shahada hiyo haina.

Mwaka huo hulipiwa, hata hivyo. Na hapa Mtanzania anaumia kuliko Mkenya wa 8-4-4. Mkenya anaingia chuo akiwa na miaka 12 ya shule, sawa na Mmarekani. Mtanzania ana 13, na miwili ya mwisho ameshajifunga kwenye tahasusi ya masomo matatu, kama PCB au HGL. Anarudishwa kwenye upana alioumaliza kidato cha nne. Akiwa na bahati, chuo kitampa krediti kwa masomo ya kidato cha sita, lakini haziji zenyewe: lazima aombe, alipie tathmini ya vyeti vyake, na afanye hivyo kabla ya kujisajili muhula wa kwanza. Akishasoma kozi yenyewe, hawezi kupewa krediti mara mbili kwa somo lilelile.

Tusijifanye kwamba kozi ya lazima kwa wote ni ugeni wa Wamarekani. Waliosoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanaikumbuka DS, kozi ya taaluma za maendeleo. Azimio la Arusha la 1967 liliacha swali kwamba mhandisi au mwanasheria asiyeijua nchi yake ana faida gani kwa nchi hiyo, na Taasisi ya Taaluma za Maendeleo ikaanzishwa 1973. Taifa nalo lilikuwa na katekisimu yake, na wanafunzi waliinung'unikia kama wanavyoinung'unikia Agano la Kale kule Georgia.

Hoja yenye nguvu kwa upande wa masomo ya lazima ni ya sokoni kabisa. Uhasibu ni uhasibu. Chuo kidogo chenye walimu watatu wa biashara hakiwezi kuufundisha vizuri kuliko chuo kikuu cha jimbo chenye walimu arobaini, na mara nyingi chuo cha jimbo kina ada nafuu kwa wakazi wake. Kitu pekee ambacho chuo kidogo cha Kikristo kinacho na wengine hawana ni zile kozi za pamoja: mhasibu, mwuguzi na mpiga piano wamesoma Waroma na Augustino kwa mwalimu mmoja, wakabishana bwenini usiku. Ukiziondoa, kinachobaki ni chuo cha kawaida chenye msalaba getini. Kuna faida ya pili isiyosemwa sana: anayebadilisha fani mwaka wa pili, na wako wengi, hapotezi krediti za lazima, bali hupoteza zile za fani tu.

Hata hesabu za fedha ziko upande huu. Chukulia chuo kinachopokea wanafunzi 200 kwa mwaka. Agano la Kale katika madarasa ya watu 40 linahitaji mikondo mitano, na mhadhiri mmoja anayefundisha kozi nne kwa muhula anaimudu na bado ana nafasi. Fani ya kemia yenye wanafunzi sita kwa mwaka inahitaji kozi kumi na mbili za juu, kila moja na mhadhiri wake, maabara yake na viti vitupu vyake. Kozi za lazima ndizo zinazozilisha fani ndogo. Mkuu wa chuo anayepunguza kozi za lazima ili "kutoa nafasi kwa ajira" huenda anakata tawi alilokalia.

Upande wa pili una nguvu zaidi pale fani inapokuwa na bodi yake. Kwa shahada za uhandisi, ABET, bodi ya ithibati ya fani hiyo, hudai angalau krediti 30 za hisabati na sayansi ya msingi na 45 za uhandisi wenyewe. Hizo ni 75. Ongeza 48, toa 7 za hisabati na sayansi zinazohesabika pande zote mbili, unapata 116. Zimebaki nne. Kwenye karatasi inatosha, lakini hicho ni kiwango cha chini. Vyuo vingi huvuka hapo, na kozi moja ikianguka mpango wote umevunjika. Uuguzi ni mbaya zaidi. Anatomia na fiziolojia 8, mikrobiolojia 4, kemia 4, takwimu 3, saikolojia na ukuaji wa binadamu 6, lishe 3, kisha uuguzi na mazoezi ya hospitali kama 60: jumla 88. Ongeza 48, toa 10 zinazoingiliana. Ni 126.

Chuo kinachotangaza uuguzi kwa miaka minne na masomo ya lazima yote bila kuyapunguza kina njia tatu tu. Ama mwanafunzi anabeba krediti 16 hadi 18 kwa muhula, ama anasoma kiangazi kwa malipo ya ziada, ama miaka minne inageuka mihula tisa, ambayo hakuna aliyeitaja siku ya udahili. Vyuo vinavyoona haya hupunguza masomo ya lazima kwa fani hizi na kuandika hivyo waziwazi katika katalogi, au huwa na mpango wa 3+2, ambapo miaka mitatu ni ya chuo kidogo na miwili ya uhandisi katika chuo kikubwa.

Mkwamo wa kawaida hutokana na mpangilio wa kozi. Katika chuo kidogo kozi nyingi za juu hufundishwa mwaka mmoja na kuruka mwaka unaofuata, kwa sababu mwalimu ni mmoja. Marekani hakuna sapu, yaani mtihani wa marudio: ukianguka unairudia kozi nzima. Kama ni kozi tangulizi inayofungua nyingine mbili, na inarudi baada ya miaka miwili, mwanafunzi aliyekosa alama chache kwenye kemia ya kaboni ameongeza mwaka. Mwenye F-1, viza ya mwanafunzi wa kigeni, ana kamba fupi zaidi. Lazima abebe angalau krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni kozi moja tu ya mtandaoni, isiyozidi krediti 3, inayohesabika. Akishuka chini bila idhini ya ofisi ya wanafunzi wa kigeni, hadhi yake ya viza imevunjika. Kwa hiyo asizimalize kozi za lazima zote mapema. Abakishe mbili au tatu nyepesi, zinazofundishwa kila muhula, za kujazia krediti pale kozi ya fani inapokosekana. Mshauri wa masomo anayewaambia wote "maliza lazima kwanza" amewatega.

Kuhusu ubora, lawama nyingine ni ya haki: baadhi ya kozi za Biblia ni Sunday school yenye mtihani, zikifundishwa na mchungaji wa muda aliyeitwa wiki mbili kabla ya muhula. Zilipo nzuri, huwaumiza waliolelewa kanisani. Waliofaulu CRE au Divinity huingia wakidhani ni alama ya bure, kisha swali linahusu tarehe za kuanguka kwa Samaria na Yerusalemu, aina za zaburi, au kwa nini wasomi hutofautiana juu ya sura za mwisho za Isaya.

Katika mjadala huu mimi nina upande. Mfumo mbovu kuliko yote ni ule wa menyu: chagua kozi moja kutoka kila kapu kati ya thelathini. Mwanafunzi anachagua kwa saa na kwa sifa ya mwalimu kutoa alama, hakuna kozi inayojengea nyingine, na chuo kimelipa gharama ya masomo ya lazima bila kupata yale mazungumzo ya pamoja. Bora krediti 42 zilizofungwa, zenye mfuatano, kuliko 54 za menyu. Wanaoifikisha hoja hii mwisho ni Thomas Aquinas College, chuo cha Kikatoliki kilichofunguliwa California 1971: shahada moja kwa wote, hakuna fani, hakuna kozi ya hiari, kila mtu anasoma Euclid na Aristotle mezani. Gharama yake haifichwi. Anayehamia kutoka chuo kingine huanza mwaka wa kwanza upya, na anayetaka udaktari hutafuta kemia na biolojia za maabara kwingine baadaye.

Lakini asidhani mtu kwamba mtaala ndio unaokiokoa au kukiua chuo. Mwaka 2023, jijini New York, The King's College, iliyojulikana kwa mtaala wa pamoja wa siasa, falsafa na uchumi, ilipoteza ithibati ikiwa katika dhiki ya fedha. Mwaka huohuo Alliance University, iliyokuwa na uuguzi na fani nyingine za kazi, ilipoteza ithibati na kufungwa. Kwa mwanafunzi, tofauti huonekana siku ya kuhama. Uandishi, takwimu na kemia hupokelewa karibu kila mahali. Kozi ya mafundisho ya imani, katika chuo cha jimbo, mara nyingi huingia kama ya hiari au haiingii kabisa.

Kabla ya kulipa amana, iombwe ofisi ya msajili mpango wa mihula minane wa fani husika, wenye kozi za lazima ndani yake, na orodha ya kozi zinazoruka mwaka. Iulizwe pia ni kozi zipi za lazima zinazohesabika upande wa fani, na krediti ngapi za CLEP, mitihani inayompa mwanafunzi krediti bila kusoma kozi, zinakubaliwa. Mwisho, pakua katalogi ya mwaka wa kuingia na uitunze. Chuo kikibadili masomo ya lazima katikati, na hubadili, kwa kawaida katalogi hiyo ndiyo inayotumika kwako, na msajili mpya huenda hana nakala yake.