Nyaraka za wakala: tuandike nini, tuache nini

Tovuti ya WordPress, programu ya kuendeshea tovuti, inapohamia jina jipya la kikoa, anwani ya zamani huwa imetapakaa kwenye hifadhidata nzima. Anayeijua SQL, lugha ya kuamrisha hifadhidata, lakini hajaizoea WordPress ataandika UPDATE moja yenye REPLACE ndani yake, yaani amri ya kubadilisha maandishi kila yalipo, na kujiona amemaliza. Kumbe mipangilio mingi huhifadhiwa kwa mtindo wa PHP, lugha iliyoandikiwa WordPress, unaotaja kwanza urefu wa maandishi, kisha maandishi yenyewe: anwani yenye herufi 18 hutanguliwa na s:18. Ukiweka yenye herufi 22 na kuiacha ile 18 palepale, PHP haiwezi tena kuusoma mpangilio huo, na WordPress hainung'uniki. Wijeti, vile visanduku vya pembeni mwa ukurasa, zinatoweka tu. Dawa inajulikana: amri ya wp search-replace ya WP-CLI, zana ya kuiendesha WordPress kwa amri za maandishi, inayohesabu urefu upya na ambayo, ikipewa --dry-run, huonyesha idadi ya mabadiliko bila kugusa kitu.

Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayopewa lengo kisha inaita zana yenyewe hatua kwa hatua, kwa kawaida analijua hilo. Limeandikwa mno intanetini. Asichoweza kukijua ni kwamba hifadhidata yenu ina jedwali la wateja lililoachwa na fundi wa zamani, halimo kwenye orodha ya WordPress, na amri ile hailifikii isipoongezewa --all-tables. Mjadala wa kuwaandikia mawakala nyaraka zao ungeanzia hapo, kwenye tofauti kati ya kinachojulikana na wote na kinachojulikana na nyinyi tu.

Haukuanzia hapo. Septemba 2024 mtafiti Jeremy Howard alipendekeza faili la llms.txt, la kuieleza tovuti kwa modeli za lugha, Novemba mwaka huohuo kampuni ya akili mnemba ya Anthropic ikatoa itifaki ya MCP ya kuunganisha modeli na zana, na 2025 faili la AGENTS.md, la maagizo kwa mawakala, likaenea kwenye miradi ya programu. WordPress 6.9, iliyotoka Desemba 2025, ikaja na Abilities API: plagini, yaani programu ya nyongeza, inasajili kila inachoweza kufanya, pamoja na maelezo, muundo wa data inayopokea na kutoa, na masharti ya ruhusa. Katika pilikapilika hizo wengi wakaona kazi ni kuandika kila kitu.

Wana hoja. Wakala huanza kila kazi akiwa mgeni, na hana jirani wa meza ya pili wa kumuuliza. Huchagua zana kwa kusoma maelezo yake, kwa hiyo sentensi moja iliyokosekana inaweza kumpoteza. Tuseme kuna zana ya kuhariri makala, na maelezo yake ni "hubadilisha makala" basi. Mhariri anasema, "Nirekebishie aya ya pili, nitaipitia kesho." Kama makala ilikuwa bado rasimu, hakuna tatizo. Kama ilishachapishwa, mabadiliko yanaonekana kwa wasomaji papo hapo, kwa kuwa WordPress yenyewe, bila plagini ya ziada, haina rasimu ya makala iliyokwisha kuchapishwa. Drupal, programu nyingine ya kuendeshea tovuti, inayo, kupitia moduli ya Content Moderation. Wakala aliyezoea moja ataharibu kwenye nyingine, na maneno kumi kwenye maelezo ya zana yangetosha kumzuia.

Upande wa pili unasema nyaraka huoza. Plagini inasasishwa, faili linabaki kama lilivyoandikwa, na wakala analifuata kwa utii ambao binadamu hana. Binadamu akiona kitufe hakipo hukitafuta kwingine na kuudharau mwongozo. Tena kila ukurasa unaomsomesha wakala unakula nafasi ya kazi yenyewe. Kwa nini nimweleze vigezo vya amri za Drush, zana ya amri ya Drupal, ilhali akiandika drush help anavipata vya toleo lililopo kwenye seva, si la mwaka juzi? Hapa mimi niko nao kabisa.

Isitoshe, maandishi si kufuli. Kuandika "usifute chochote" huku umempa akaunti ya msimamizi ni kujifariji. Nenosiri la programu, linaloiwezesha programu kuingia kwa niaba ya mtumiaji na lililokuja na WordPress 5.6 mwaka 2020, halina viwango vyake lenyewe vya ruhusa. Linabeba kila ruhusa ya mtumiaji wake. Na maoni ya wasomaji yanayosubiri kuidhinishwa yanaweza kuwa na maagizo yaliyoandikwa makusudi ili wakala ayatii. Mfungulie akaunti ya mchangiaji, anayeweza kuandika na kuwasilisha lakini si kuchapisha, na nusu ya makatazo yako hayahitajiki tena.

Ila mchangiaji hawezi kupakia picha. Ofisi nyingi zitagundua hilo siku ya kwanza na kumpandisha cheo awe mwandishi, ambaye anapakia na pia anachapisha makala zake. Anayejua kuandika kodi atatengeneza cheo cha katikati. Asiyejua atabaki na sentensi kwenye faili, na hapo ndipo sentensi hiyo inastahili nafasi yake: "Pakia picha, acha makala katika hali ya pending (inasubiri idhini), usichapishe."

Faili zuri basi ni fupi, na sehemu kubwa yake haitoki kwa fundi. Inatoka chumba cha habari: picha za watoto zinashughulikiwaje, nani anaidhinisha habari za mahakamani, kipi hakiguswi baada ya saa fulani. Kama kanuni hizo ziko kwa Kiswahili, ziachwe kwa Kiswahili. Ni kweli modeli nyingi huyakata maneno yetu vipande vingi kuliko ya Kiingereza, na kwa kuwa hulipiwa kwa vipande, gharama inapanda kidogo. Lakini mhariri akibadilisha kanuni, atalifungua faili lilelile na kulirekebisha mwenyewe, bila kumsubiri mtu wa kompyuta arudi kutoka likizo.