Betri za salfa hufa kwa kiu

Aliyekulia Mtwara au Lindi hahitaji kuelezwa salfa ni nini. Ni ule unga wa njano unaopuliziwa mikorosho ili ubwiriunga usiharibu maua, unaowasha macho na kung'ang'ania kwenye nguo. Viwanda vya kusafisha mafuta huuzalisha kama mabaki, na bei yake haitishi. Sasa chukua gramu moja ya unga huo uiweke kwenye betri pamoja na lithiamu: kwa hesabu za kitabuni inabeba chaji ya miliampia-saa 1,675. Kathodi (upande chanya wa betri) za nikeli na kobalti tulizozoea huzungukia 200.

Ndiyo maana kila baada ya miezi michache tunasoma kwamba betri ya salfa imekaribia. Mimi nimeacha kushangilia. Sina ugomvi na salfa. Ugomvi wangu ni na habari zinazoisifia salfa zikakaa kimya kuhusu elektroliti, kile kimiminika kinachopitisha ioni kati ya pande mbili za betri. Humo ndimo uhai wa betri hii unamoamuliwa.

Salfa haipitishi umeme. Lithiamu salfaidi, inayopatikana betri ikiisha chaji, nayo haipitishi. Kwa kawaida mmenyuko ungekwama hapo mwanzoni. Kinachouokoa ni kuyeyuka: pete ya atomi nane za salfa ikipokea lithiamu inafunguka na kuwa minyororo, polisalfaidi, inayoingia kwenye elektroliti na kuifanya iwe kama chai ya rangi iliyokolea. Ikishayeyuka, inaweza kufika penye umeme na kuendelea kumenyuka.

Lakini kilichoyeyuka hakitulii. Minyororo mirefu huogelea hadi upande wa lithiamu, inakatwakatwa, inarudi kwenye kathodi ikiwa mifupi, inarefushwa tena, na safari inaanza upya. Chaja inasukuma umeme na betri haijai. Ni kutia maji kwenye pakacha. Hata ukiiacha kabatini, chaji inavuja yenyewe. Kwa hiyo kuyeyuka kule kule kunakoiwezesha betri kufanya kazi ndiko kunakoiua, na joto linaharakisha yote mawili.

Huwezi kukwepa kwa kuchota elektroliti ya betri ya simu. Ile imetengenezwa kwa vimiminika viitwavyo kaboneti, na polisalfaidi huzishambulia na kuziharibu moja kwa moja. Maabara nyingi zimebaki na vimiminika viwili vya aina ya etha, dioksolani na dimethoksiethani, nusu kwa nusu, zenye chumvi ya lithiamu iitwayo LiTFSI na kiasi kidogo cha lithiamu nitreti. Hiyo nitreti ndiyo iliyobadilisha mchezo. Mwaka 2009 kundi la Doron Aurbach wa Chuo Kikuu cha Bar-Ilan lilieleza jinsi inavyosaidia kujenga utando juu ya lithiamu, utando unaozuia polisalfaidi kukatwakatwa. Uzuri wake una kikomo, maana nitreti hutumika kidogo kidogo kila lithiamu mpya inapojitokeza, na siku ikiisha tunarudi kwenye pakacha. Etha zenyewe nazo huchemka mapema, nyuzi 76 na 85 hivi. Fikiria boksi la betri chini ya kiti cha bodaboda lililoachwa kwenye jua la Dar es Salaam.

Mwaka huo huo wa 2009, kundi la Linda Nazar kule Waterloo, Kanada, lilionyesha kwamba salfa ikifungiwa ndani ya kaboni yenye vitundu vidogo mno inatulia zaidi. Kazi nzuri sana. Tangu hapo watafiti wengi wamekuwa wakisuka vizimba vya kila namna vya kuifungia salfa, na vingi hujaribiwa vikiwa vimeloweshwa chapachapa kwa elektroliti.

Hapa ndipo penye uchungu wangu, basi tupige hesabu. Ukitumia maikrolita 10 za elektroliti kwa kila miligramu ya salfa, gramu moja ya salfa inataka mililita 10, yaani kama gramu 11 za kimiminika. Gramu hiyo, kwa volti 2.1, ikitoa kila ilicho nacho ni wati-saa 3.5. Gawanya kwa gramu 12 na ushei: unapata chini ya wati-saa 300 kwa kilo, na bado hujapima kaboni, karatasi za chuma wala mfuko. Wepesi wote umemezwa na kimiminika! Punguza hadi maikrolita 3 na hesabu inapendeza, ila polisalfaidi zinabanana, kimiminika kinakuwa kizito, lithiamu inaendelea kukila, na betri inakufa kwa kiu.

Wapo watakaonikumbusha ndege ya jua ya Zephyr, iliyokaa angani siku 14 mwaka 2010 kwa betri za salfa. Ni kweli, ilipaa. Lakini siku 14 ni mizunguko 14 hivi ya kuchaji. Bodaboda ya umeme huimaliza hiyo katika wiki mbili, na mwenye nayo bado ana mkopo wa kulipa.

Ningepewa fedha ya utafiti, nisingeipeleka kwenye kizimba kingine. Ningeipeleka kwenye elektroliti zinazoyeyusha polisalfaidi kwa shingo upande: zenye chumvi nyingi kuliko kawaida, kama ile ya kundi la Kichina iliyotangazwa mwaka 2013, au zilizochanganywa na etha zenye florini. Polisalfaidi zikikosa pa kuogelea, kimiminika kidogo kinatosha. Gharama yake naijua. Mmenyuko unakuwa wa polepole, LiTFSI ni ghali, na ile ya 2013 ni nzito kama sharubati. Njia nyingine ni kuifunga salfa kwenye polima ya poliakrilonitrili, ambayo hukubali hata kaboneti, lakini salfa inayoingia humo haifiki nusu ya uzito.

Kwa sasa, nikiletewa habari ya betri mpya ya salfa, naruka picha na idadi ya mizunguko, natafuta kwanza ni maikrolita ngapi kwa miligramu. Mara nyingi namba hiyo haimo.