Sonona ya kijana na simu ya mama

Ukitaja tiba ya sonona (huzuni nzito isiyoisha) kwa simu, yaani mshauri kuzungumza na kijana wa Kaliua, Tabora, au Uvinza, Kigoma, watu huulizia mtandao kwanza. Mimi naona mtandao si tatizo kubwa. Simu ya sauti ya kawaida inatosha, hata kitochi, bila bando la intaneti. Kinachoharibu tiba ni kwamba simu ni ya mama, na mama mwenyewe amekaa pembeni.

Kijana anayejua mama anamsikiliza hujibu "ndiyo", "hapana", "kawaida tu". Chukua dodoso la kupima sonona la maswali 9, kila jibu alama 0 hadi 3. Jumla ikifika 10, apimwe kwa kina. Swali la mwisho linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Mama akiwa ubavuni, jibu litakuwa sifuri, na sifuri hiyo isiaminiwe. Liulizwe tena akiwa peke yake. Kuliuliza hakumpandikizii wazo hilo, ingawa wazazi wengi huhofia hivyo.

Kwa hiyo kila kikao kianze na maswali yanayojibika kwa neno moja: Uko wapi? Kuna mtu karibu? Simu ikikatika, mshauri ndiye apige, kijana asihangaike na salio. Wapange na maneno ya siri, tuseme "daftari nimelisahau", yaani mtu kaingia. Hapo wahamie kwenye habari za masomo. Kivuli cha mwembe hatua kadhaa kutoka nyumbani ni bora kuliko chumba kisicho na dari, ambamo kila neno hupita juu ya ukuta. Kwa wa bweni, ambako simu ni marufuku, ofisi ya matroni inafaa, ila matroni atoke.

Mshauri awe na jina la kijiji na namba ya mtu mzima aliye karibu kabla ya kikao cha kwanza. Kijana akisema ana mpango wa kujidhuru, mshauri asikate simu mpaka mtu huyo afike. Dawa za shamba la tumbaku zifungiwe kwa kufuli, kijana asiachwe peke yake, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Tabora kuna hospitali ya Kitete, Kigoma kuna ya Maweni. Namba 116, ya kusaidia watoto, hupigwa bure.

Na mama? Aambiwe mapema, kijana akisikia: hatari ya maisha ataelezwa, mengine yatabaki kwa mwanawe na mshauri. Akikataa sharti hilo, mshauri amalizane naye kwanza, kikao kisubiri.