Miaka Sabini, Si Miwili

Hapa Kigoma aya ya Yeremia 29:11 utaikuta kila mahali: kwenye fulana za kwaya, kwenye kadi za harusi, nyuma ya bajaji zinazopanda Mwanga. "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Naipenda sana. Kinachoniuma ni kwamba tunaisoma peke yake na kuiruka ya 10, ambamo Mungu anataja muda wenyewe: miaka sabini.

Aya hizo zimo katika barua ambayo Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mateka Babeli. Mtu wa makamo aliyesomewa alijua pale pale kwamba Yerusalemu hataiona tena. Ahadi ilikuwa ya kweli, ila watakaoipokea ni wajukuu zake.

Rudi nyuma sura moja utamkuta nabii Hanania. Yeye alisimama hekaluni mbele ya makuhani akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya nyumba ya Bwana vitarudishwa pamoja na mateka wote. Yeremia akamjibu, "Amina! Bwana atende hivi." Hakufurahia kuwaambia watu wake muda mrefu; naye alitamani iwe miwili. Lakini Mungu hakusema miwili, na Hanania akafa mwaka ule ule.

Wapendwa, akina Hanania tunao. Dada ameingia miaka thelathini na kitu hajaolewa, anaambiwa mbele ya kanisa zima kwamba mwaka huu hauishi. Kijana amemaliza chuo, anatafuta ajira, anaambiwa ndani ya siku saba simu italia, atoe tu sadaka ya kufungua mlango. Siku saba zinapita, na anayelaumiwa ni yeye: imani yake ndogo. Huu ni ukatili, hata ukifanywa kwa machozi na kunena kwa lugha. Aliyeweka tarehe ambayo Mungu hakuiweka ndiye anayepaswa kujibu.

Na wale mateka waliambiwa wafanye nini katika muda huo mrefu? Wajenge nyumba wakae, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuoza, wauombee amani mji ule ule uliowateka. Kungoja kwenyewe ni huko. Hakuna mahali walipoambiwa wakae na mizigo yao mlangoni.

Sisi wa ziwani tunalijua jambo hili. Mbalamwezi ikiwa kali, taa za wavuvi hazikusanyi dagaa, basi mitumbwi inalala nchi kavu. Mwaka 2024 ilikuwa zaidi ya mbalamwezi: Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Ilikuwa miezi migumu, hasa kwa akina mama wanaoishi kwa kuanika na kuuza dagaa. Lakini hata miezi ile nyavu zilishonwa, mitumbwi ikazibwa, na wengine wakarudi kwenye majembe waliyokuwa wameyaacha. Mvuvi asiyegusa wavu wake mpaka siku ya kufunguliwa ziwa huyo hakungoja, alikaa tu.

Kwa hiyo ninaposikia wanandoa waliokosa mtoto wakiambiwa "subirini wakati wa Mungu" na mazungumzo yakafungwa hapo, moyo unakataa. Waombe, ndiyo, na waende hospitali, wote wawili, mume asibaki nyumbani kana kwamba tatizo ni la mke peke yake. Na wakilia, waacheni walie. Daudi aliuliza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" na swali lile limo katika Zaburi tunazoimba. Mtu anayemuuliza Mungu "hata lini" bado anazungumza naye.

Kuna tendo moja la Yeremia ninalolirudia sana. Jeshi la Babeli limeuzunguka mji, yeye mwenyewe yumo kifungoni katika uwanja wa walinzi, na anapima shekeli kumi na saba za fedha kununua shamba la binamu yake kule Anathothi. Shamba katika nchi inayotekwa! Hati zikaandikwa mbele ya mashahidi, zikatiwa katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Shamba lile Biblia haisemi kwamba aliwahi kulilima. Tunachosoma baadaye ni kwamba alichukuliwa kwenda Misri. Alilipa fedha yake kwa ahadi ambayo wangeila wengine, na hiyo kwangu ndiyo imani katika wakati wa Mungu.

Wachungaji wetu, nawaomba neno moja. Jumapili mkiifikia aya ya 11, anzeni kusoma kutoka ya 5, na ile ya 10 isomeni kwa sauti ile ile. Yule dada na yule kijana wana uwezo wa kuubeba ukweli wa muda mrefu. Wakiambiwa ukweli huo, dada atafungua duka lake sasa bila kungoja mume wa kulifungulia, na kijana atakubali kazi iliyopo huku akiendelea kuomba ile anayoitamani.