Msituambie ati "ni hiyo Down yake tu"

Kaka yangu ana miaka 38, alizaliwa na Down sindromu, na mvi zimemjaa hadi makonda wa Umoja humwita mzee, naye anafurahi sana juu anapenda hiyo heshima. Mimi ndio kifungua mimba, niko na 44, na mvi zangu bado zinahesabika.

Mwaka jana alianza kupoa. Kila Jumamosi yeye ndio husukuma chapati na mama, duara safi kabisa, sasa ikawa anakaa tu na kile kijiti mkononi anaangalia unga, usingizi kila saa, kilo zinapanda. Tukampeleka kliniki moja, daktari hata hakumgusa, akasema ni hiyo Down yake tu, mzoee. Bado nina hasira. Kwingine wakampima damu, kumbe ni thairoidi, ile tezi ya shingo inayoendesha kasi ya mwili, iko chini, kitu cha kawaida sana kwa watu wa hali yake! Sai anameza kidonge kimoja asubuhi kabla ya chai na chapati zimerudi.

Shida ni vile tunawachukulia kama watoto milele, na mwili wao unazeeka mbio kutushinda. Mwaka wa 2015 mtafiti Steve Horvath na wenzake walisoma alama za kemikali zilizo kwenye DNA, wakapata damu na ubongo wa watu wenye Down umezidi umri wao wa kweli kwa wastani wa miaka 6.6. Alafu ile kromosomu ya 21 (kifurushi kimoja cha DNA), ambayo wao wako nayo mara tatu badala ya mbili, ndio imebeba jeni ya APP inayoleta amiloidi, protini inayogandamana kwenye ubongo, ndio maana wakifika 40 karibu wote ubongo unakuwa na yale madoa ya Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, hata kama bado anakumbuka kila kitu. Huko Marekani mwaka wa 1983 walikuwa wanaishi kama miaka 25, sai ni kama 60, kwa hivyo wazee wenye Down wako na wataongezeka.

Tarehe 21 Machi, siku ya Down duniani, tunavaa soksi zisizofanana tukipiga picha na watoto, sawa, napenda sana, lakini huyu wa miaka 38 nani anamuulizia? Nataka thairoidi ipimwe kila mwaka bila mimi kubembeleza mtu, na masikio, na macho pia juu mtoto wa jicho huwapata mapema.

Wiki ijayo tunaenda macho. Nimeona siku hizi simu anaishikia karibu na pua.