Karudi Kutoka Wapi? Tuzo ya NFL Iliyomnyima Hamlin

Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia kumi na moja alfajiri ya Januari 3, 2023. Kule Cincinnati bado ulikuwa usiku wa Januari 2. Ilikuwa mechi ya NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ule unaochezwa zaidi kwa mikono. Damar Hamlin, beki wa Buffalo Bills mwenye miaka 24, alimwangusha Tee Higgins wa Bengals, akainuka, akapiga hatua mbili hivi, kisha akaanguka chali. Moyo ulikuwa umesimama. Denny Kellington, mmoja wa wahudumu wa tiba wa timu, alipiga magoti akaanza kumkandamiza kifua palepale uwanjani. Wachezaji wenzake walimzunguka wakizipa kamera mgongo, wengine wanalia waziwazi. Mechi ile haikuendelea, wala haikurudiwa.

Msimu uliofuata Hamlin alirudi kucheza. Kwa hiyo wakati wa tuzo ya Mchezaji Bora Aliyerejea, ile inayotolewa na shirika la habari la Associated Press (AP), wengi wetu tuliona mjadala umefungwa kabla haujafunguliwa. Februari 2024, Las Vegas, likasomwa jina la Joe Flacco wa Cleveland Browns. Huyu ni kwotabeki, yaani yule anayeuanzisha mpira na kuamua aurushe kwa nani. Hakuwa ameumia. Novemba ya msimu ule alikuwa nyumbani kwake, umri miaka 38, hana timu. Kwa maneno mengine, karudi kutoka sebuleni.

Hata hivyo wanaomtetea Flacco hawakosi hoja, na nasema hivyo mimi niliyeanza nikiwa upande wa Hamlin. Browns walikuwa wamempoteza kwotabeki wao Deshaun Watson kwa jeraha la bega. Flacco akaanza mechi 5, akashinda 4, akarusha yadi 1,616 na pasi 13 za tachidauni (yaani za kufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, ndilo bao lenyewe), na timu ikaingia kwenye mtoano. Hamlin kwa upande wake alicheza mechi 5 tu za msimu wa kawaida, tena zaidi kwenye kikosi maalumu, kile kinachoingia wakati wa kupiga mpira kwa mguu. Muda mwingi alisugua benchi. Kama tuzo ni ya mchezaji bora kati ya waliorejea, neno "bora" nalo lina haki ya kuulizwa.

Kura zenyewe zinasimulia zaidi. Wapigakura ni watu 50 wa vyombo vya habari. Kila mmoja anaandika majina matatu: la kwanza pointi 5, la pili 3, la tatu 1. Waliomweka Hamlin wa kwanza walikuwa 21, waliomweka Flacco 13. Lakini Flacco aliandikwa wa pili kwenye karatasi 26, Hamlin 7 tu. Jumla ikawa Flacco 151, Hamlin 140. Mfumo huo ulikuwa umeanza msimu mmoja tu nyuma. Kwa utaratibu wa zamani wa kura moja jina moja, na kila mtu akibaki na chaguo lake la kwanza, Hamlin angeondoka na kombe.

Sasa jumlisha karatasi zote zenye jina la Hamlin: 42. Watu 8 hawakumwandika hata wa tatu. Nilipopiga hesabu hiyo mara ya kwanza nilikasirika. Kijana moyo umesimama mbele ya mamilioni ya watazamaji, hatoshi kuwa wa tatu? Baadaye nikaelewa kwamba aliyemweka wa kwanza na aliyemwacha nje hawakuwa wakijibu swali moja. Huyu aliulizwa nani katoka mbali zaidi. Yule aliulizwa nani kacheza vizuri kuliko alivyotarajiwa.

Tuzo hii imebeba maswali hayo mawili kwa miaka mingi bila kuyatenganisha. Mwaka 2005 ilibidi igawanywe. Steve Smith wa Carolina alikuwa amevunjika mguu msimu wa 2004. Aliporudi akaongoza ligi nzima kwa pasi alizodaka, yadi na tachidauni za kudaka. Tedy Bruschi wa New England alikuwa amepata kiharusi Februari ile ile ya 2005, na Oktoba akarudi kukaba watu. Takwimu mkono huu, uhai mkono ule, na mizani ikakataa kulala upande wowote.

Alex Smith wa Washington ndiye mfano unaotumiwa zaidi na watetezi wa Hamlin. Mguu wake ulivunjika vibaya Novemba 2018, bakteria wakaanza kula nyama, akafanyiwa upasuaji mara 17, na madaktari wakafika mahali pa kufikiria kuukata. Oktoba 2020 alirudi uwanjani. Msimu ule alirusha pasi 6 za tachidauni, na 8 zikanaswa na wapinzani, takwimu ambazo kwa kwotabeki mwingine zingekuwa aibu. Wapigakura 49 kati ya 50 walimchagua. Lakini tukumbuke kwamba aliongoza mashambulizi katika mechi 6 na kushinda 5. Bahati mbaya ya Hamlin ni kwamba alirudi mzima kwenye timu ambayo tayari ilikuwa na mabeki bora kuliko yeye.

Upande wa pili yupo Geno Smith wa Seattle, mshindi wa msimu wa 2022. Huyu alipoteza nafasi yake mwaka 2015 baada ya mwenzake kumvunja taya kwa ngumi chumba cha kubadilishia nguo, akawa mtu wa akiba miaka nenda rudi. Ni kisa kitamu, lakini taya ilikuwa imepona zamani. Alichorejea kutoka kwake ni kusahauliwa, na sioni vipi hilo liwekwe mizani moja na kiharusi.

Wapo wanaosema waandishi waachane na mambo ya ushujaa, wayaachie wachezaji. Ipo tuzo ya namna hiyo: Ed Block Courage Award, iliyopewa jina la mtaalamu wa tiba wa zamani wa Baltimore Colts. Kila timu inamchagua mtu wake, na wanaopiga kura ni wachezaji wenzake, watu waliomwona akitapika kwenye mazoezi ya kujiuguza. Kitanda wamekilalia, kunguni wanawajua. Naupenda utaratibu huo, ila kuna mwaka mmoja unaonikwaza. Mwaka 2009 wachezaji wa Philadelphia Eagles walimpa Michael Vick kwa kauli moja. Vick alikuwa ametoka gerezani baada ya kukiri kushiriki njama ya kupiganisha mbwa, kosa lililompa kifungo cha miezi 23. Msimu uliofuata AP nao wakampa tuzo yao. Yale ya AP nayamudu, kwa sababu 2010 alicheza mpira wa ajabu. Ile ya ujasiri bado inanikaa kooni. Janga aliloshinda alilianzisha mwenyewe.

Baada ya kelele za Flacco, AP waliandika mwongozo mpya mwaka 2024: apewe mchezaji aliyeshinda ugonjwa, jeraha au hali nyingine iliyomfanya akose muda wa kucheza msimu uliotangulia. Ni nafuu. Ila "hali nyingine" ni mlango ulioachwa wazi, na hata Hamlin haingii vizuri hapo. Msimu wa 2022 jeraha lake lilimkosesha mechi moja tu ya msimu wa kawaida. Mwaka 2024 alipopata namba, akaanza mechi 14 na kucheza vizuri, msimu uliotangulia alikuwa mzima, yuko benchi. Tuzo ikaenda kwa Joe Burrow wa Cincinnati, aliyerudi kutoka jeraha la kifundo cha mkono na kurusha yadi 4,918 na pasi 43 za tachidauni. Sina ubishi na hilo. Kama tuzo ni ya mpira, na ipimwe kwa mpira.

Ninaowafikiria ni wale ambao hakuna mwongozo utakaowafikia. Fabrice Muamba, mwanasoka mzaliwa wa Kinshasa, moyo wake ulisimama kwa dakika 78 mwaka 2012 akiichezea Bolton kule London. Alipona, akastaafu soka mwaka huo huo akiwa na miaka 24. Ryan Shazier wa Pittsburgh aliumia uti wa mgongo Desemba 2017, kwenye uwanja ule ule wa Cincinnati alikoanguka Hamlin. Hakucheza tena. Aprili 2018 alipanda jukwaani kutangaza mchezaji mpya wa timu yake, mchumba wake pembeni, akitembea polepole mguu mmoja baada ya mwingine, na ukumbi mzima ukasimama.