Kulipwa Mara ya Kwanza Si Ushahidi

Mama yangu mdogo anauza dagaa mwaloni Kirumba, Mwanza. Akiwashika tu kiganjani anakwambia kama walianikwa mchangani au kwenye chanja, na kama mvua iliwapitia. Hakopeshi ovyo. Yeye ndiye kijumbe wa upatu wa wenzake sokoni, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kukosa zamu yake. Nimeanza na hayo kwa sababu alipolizwa na "fursa" ya mtandaoni, waliosikia walisema neno moja: tamaa. Nalikataa neno hilo.

Alinipigia kabla hajaweka hata shilingi. "Mwanangu, wewe unayajua haya mambo ya intaneti. Hiki kitu ni cha kweli?" Akanitumia linki. Nikafungua nikakuta tovuti safi, cheti cha usajili wa kampuni, picha za ofisi, na kundi la WhatsApp ambalo asubuhi hadi usiku watu wanabandika meseji za miamala iliyoingia. Unalipa kiingilio cha 50,000, kila siku unatazama matangazo kadhaa na kuyapa nyota, unapata 2,500. Nikamjibu: "Inaonekana sawa, Ma' mdogo. Ila anza na kidogo."

Leo naamini hakuna ushauri mbaya kuliko huo, na ndio tunaoutoa wote. "Anza na kidogo uone kama wanalipa." Lakini tapeli wa aina hii anataka uanze hivyohivyo. Kukulipa mwanzoni ndiyo kazi yake kubwa, ndipo anapoweka gharama zake. Mama mdogo alitoa 7,500 siku ya tatu, ikaingia kwenye simu. Siku ya ishirini kiingilio chake kilikuwa kimerudi chote. Mfanyabiashara wa dagaa anajua mtaji uliorudi maana yake nini. Akaniambia, "Umeona? Inalipa." Sikuwa na la kujibu, maana kweli ilikuwa inalipa.

Kisha likaja tangazo la kifurushi maalumu: weka 600,000, baada ya wiki moja unachukua 900,000. Zamu ya upatu ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, na fedha za wenzake, watu kumi na wawili kwa 50,000 kila mmoja, zilikuwa mkononi mwake. Akaziweka. Siku ya nne kitufe cha kutolea kikaandika "inashughulikiwa". Siku ya sita akaambiwa alipe kwanza "kodi" ya asilimia 15 ili akaunti ifunguliwe. Akaenda kukopa, akalipa. Jumapili admini akalifunga kundi, hakuna anayeweza kuandika. Jumatatu kundi halikuwepo.

Hapo ndipo nilipoelewa kosa langu. Aliniuliza kama kitu ni cha kweli, nikaenda kukagua sura yake. Swali lilikuwa moja tu, na halihitaji mtaalamu wa intaneti: hizi 2,500 za kila siku zinatoka mfukoni mwa nani?

Na mama mdogo, kama kijumbe, angelijibu vizuri kuliko mimi. Upatu wa halali kila mtu anajua fedha inatoka wapi. Inatoka kwa mama wa nyanya, mama wa sangara na mama wa vitenge, nao wako palepale, unawaona. Tena hakuna anayepata zaidi ya alichochanga. Anapata tu mapema au kwa kuchelewa. Siku mtu akiahidi kwamba kila mwanachama wa upatu atatoka na nyongeza, nyongeza hiyo lazima itoke kwa watu ambao bado hawajaingia. Sheria yetu ya Kanuni ya Adhabu inaufanya mchezo huo kuwa kosa la jinai, na magazeti yameupa jina la upatu haramu.

Tumeshaupitia. Watu wazima wanaikumbuka DECI, taasisi iliyochukua fedha za watu kwa ahadi ya kuzirudisha na nyongeza, iliyosimamishwa na serikali mwaka 2009. Haikuwa na programu ya simu wala linki. Watu walipanga foleni na fedha taslimu, na lugha yake ilikuwa ya kanisani: unapanda mbegu, kisha unavuna. Viongozi wake walikuwa wachungaji, na mwaka 2013 Mahakama ya Kisutu iliwatia hatiani baadhi yao. Wapo waliovuna kweli mwanzoni, wakaenda kuwaita ndugu zao. Februari 2025 ikaja zamu ya LBL, "fursa" ya mtandaoni kama ile ya mama mdogo: kiingilio, kisha kutazama matangazo ya filamu kwenye simu. Benki Kuu ikatangaza kwamba haikuwa na leseni, polisi wakakamata watu mikoani. Miaka 16 katikati, mbegu imekuwa video, na mwendo wa fedha ni uleule.

Hesabu yake nimeifanya kwenye karatasi, nawe ifanye. Tuseme kila anayeingia anatakiwa kuleta watu watano. Mwanzilishi analeta 5, hao wanaleta 25, hao 125, kisha 625, kisha 3,125. Mpaka hapo unaona ni jambo la mtaa mmoja. Endelea hadi ngazi ya kumi na moja ujumlishe wote: ni watu 61,035,155. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na vichanga wakiwamo. Yaani kufika ngazi hiyo nchi inakuwa imekwisha, na ile ya chini kabisa, yenye watu karibu milioni 49, haina wa kumwingiza. Hakuna meneja mzuri wala "uongozi mpya" unaoweza kulirekebisha hilo.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakina ubishi. Serikali inapokopa kwa hatifungani za miaka 25, riba yake miaka ya karibuni imekuwa kati ya asilimia 12 na 16 kwa mwaka. Huyo ndiye mkopaji mkubwa kuliko wote nchini, mwenye mamlaka ya kukusanya kodi. Yule wa mama mdogo alikuwa anatoa asilimia 5 kwa siku, kwa hiyo kazi ya mwaka mzima wa serikali aliimaliza kwa siku tatu. Kama mtu ana biashara ya kweli inayozaa hivyo, ya nini ahangaike na 50,000 ya muuza dagaa? Angekopa benki akanyamaza.

Kuhusu cheti nisirefushe. Kusajili kampuni BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kunaifanya itambulike kisheria tu. Kukusanya amana za watu kunahitaji leseni ya Benki Kuu, na kukusanya fedha za uwekezaji kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Ukionyeshwa cheti cha usajili pale ulipouliza leseni, umeshajibiwa.

Sisemi mtandaoni hakuna kazi. Zipo, na zinachosha. Anayetaka mgawo wa matangazo YouTube kwa video za kawaida lazima afikishe wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukivuka hapo unasubiri mapato yafike dola 10 ndipo utumiwe barua ya posta yenye namba ya siri kuthibitisha anwani, na hulipwi mpaka ufikishe dola 100. Upwork, tovuti ya kutafutia vibarua, inakata kamisheni kwenye fedha uliyokwisha kuifanyia kazi, na mteja anayekulipa unajua amenunua nini: tafsiri, nembo, hesabu za duka lake. Hakuna anayekuamsha alfajiri kwa meseji ya "kiongozi, umeamkaje, leo tunavuna". Kazi ya kweli haikuharakishi. Wala haikulipi zaidi kwa kumleta shemeji yako, na hilo la shemeji ndilo ninaloliogopa kuliko yote, kwa sababu anayekuingiza kwa kawaida si mwizi. Mama mdogo aliingizwa na jirani aliyekuwa akimpenda kweli, naye jirani alikuwa amelipwa mara mbili. Hawasemezani mpaka leo, na wote wawili wamepigwa.

Kwa hiyo ndugu akikuuliza, usimwambie aanze na kidogo. Mkae chini mtafute mteja: nani ananunua, ananunua nini, kwa bei gani. Mkimkosa, fedha hizo ni za atakayeingia kesho, na umwambie hivyohivyo hata kama kwenye simu yake zimeshaingia 7,500 tatu.

Mama mdogo amebaki kijumbe. Aliwaita wenzake akawaeleza yote, akawa anawalipa zamu kwa zamu kutoka kwenye dagaa, ikamchukua miezi tisa. Wiki iliyopita amepata meseji kutoka kwa mtu anayejiita wakili, anayejua jina lake na kiasi kilichopotea hadi ile "kodi". Anasema fedha zimepatikana, na kwamba atume 80,000 za kufungulia faili. Namba za waliotapeliwa huuzwa, wanatafutwa tena waleule waliokwisha kulizwa. Alinitumia meseji hiyo bila kuandika neno, halafu akanipigia.

"Shikamoo, Ma' mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Huyu nimemuuliza kwa nini asizikate hizo 80,000 humohumo kwenye hela yangu aliyoipata. Tangu jana hajajibu."